Nguvu za pampu kwenye boksi si lita za maji shambani

WAKULIMA wanaotafuta pampu za maji za bei nafuu mjini Kitui, Mwingi, Wote au Kibwezi hukutana na namba kabla ya kukutana na muuzaji. Boksi la pampu ya kawaida ya petroli, ile ya paipu ya inchi mbili, aghalabu huwa limeandikwa hivi: nguvu 6.5 za farasi, lita 500 kwa dakika, kimo cha mita 30, kuvuta mita 8.

Anayezisoma namba hizo kwa mkupuo mmoja huondoka dukani akiamini kwamba mashine yake itapandisha lita 500 kila dakika hadi mita 30 juu ya mto. Haitafanya hivyo. Na ajabu ni kwamba boksi lenyewe, likisomwa kwa makini, halikuahidi jambo hilo.

Pengo lililopo baina ya kilichoandikwa na kilichoeleweka ndilo linalowagharimu watu mazao. Mkulima hutayarisha ekari mbili za nyanya kwa hesabu ya boksi, kisha mwezi wa Septemba, mimea ikiwa katika maua, hubaini kwamba maji yanayofika juu hayatoshi hata ekari moja. Wakati huo pesa za mkopo wa chama zimekwisha kutumika, mbuzi wameuzwa, na mvua ya Oktoba hadi Desemba, ambayo ndiyo tegemeo kuu la Ukambani, bado ni matumaini tu.

Maumbile ya kaunti hizi mbili huifanya kasoro hiyo kuwa nzito zaidi. Mto Athi, unaozitenganisha Kitui na Makueni, ni mto mkubwa unaotiririka mwaka mzima. Tiva, Nzeeu, Thwake na Kaiti ni mito ya msimu. Mafuriko yakipita, kinachobaki machoni ni mchanga mkavu, ilhali maji yamejihifadhi chini yake. Huo ndio msingi wa mabwawa ya mchanga ambayo shirika la SASOL, kwa ushirikiano na wanavijiji, limejenga kwa mamia katika Kitui tangu miaka ya 1990.

Kwa hivyo maji yako chini na shamba liko juu. Kila lita sharti inyanyuliwe, na kila mita ya kunyanyua ina bei yake.

Namba mbili zisizokutana

Nguvu ya farasi, tangu ilipozaliwa, ilikuwa lugha ya kuuzia mashine. Mhandisi Mskoti James Watt aliitumia katika miaka ya 1780 ili kuwaonyesha wenye viwanda na migodi ni farasi wangapi ambao injini yake ya mvuke ingewapumzisha. Kwa vipimo vya leo, nguvu moja ya farasi ni takriban wati 746. Jina la Watt lenyewe limebaki katika kipimo cha wati, kwa hiyo anayenunua injini ya petroli na anayenunua paneli ya sola wote wawili wanazungumza lugha ya mtu mmoja.

Hata hivyo, nguvu si maji. Lita 500 kwa dakika zinazotangazwa hupimwa pampu ikiwa haina mlima wa kupanda: maji yanaingia na kutoka karibu katika kimo kilekile, bila paipu ndefu. Mita 30, kwa upande wake, ni kimo ambacho maji yakikifikia husimama. Hapo pampu inanguruma, petroli inaungua, na kinywani mwa paipu hakutoki hata tone. Namba ya kwanza ni lita nyingi bila kimo. Ya pili ni kimo kirefu bila lita. Haziwezi kuwa kweli kwa wakati mmoja.

Mkulima anaishi katikati ya namba hizo mbili. Watengenezaji wanaojiheshimu huchapisha mchoro katika kijitabu cha mashine, mstari uliopinda unaoonyesha lita zinavyopungua kadiri kimo kinavyoongezeka. Mstari huo ndio ahadi halisi ya pampu. Boksi lisilokuwa na mchoro huo ndani yake limeuza ncha mbili za kamba bila kamba yenyewe.

Tuchukue mfano wa shamba lililo kando ya mto wa mchanga. Uso wa maji uko mita 5 chini ya pampu, na tangi liko mita 12 juu ya pampu, umbali wa mita 100. Jumla ya kunyanyua ni mita 17. Pampu ya boksi lililotajwa, ikiwa ni nzima na paipu yake ni ya inchi mbili mwanzo hadi mwisho, itatoa takriban lita 200 kwa dakika. Si 500.

Hesabu ya kazi iliyofanyika ni rahisi. Kunyanyua lita moja kila sekunde kwa mita moja huhitaji takriban wati 10. Lita 200 kwa dakika ni lita 3.3 kwa sekunde. Zikipandishwa mita 17, maji yamepokea kama wati 560. Hiyo ni robo tatu ya nguvu moja ya farasi, kutoka kwa injini iliyonunuliwa kwa jina la 6.5. Sehemu ya nguvu iliyosalia imepotea ndani ya pampu na kwenye kuta za paipu, na sehemu nyingine injini haikuwahi kuombwa iitoe.

Mwizi asiyeonekana

Paipu ndiyo inayostahili lawama nyingi ambazo hutupiwa pampu. Maji yanaposafiri hujisugua kwenye kuta zake, na msuguano huo huhesabika kama mlima wa ziada. Lita 200 kwa dakika katika paipu ya inchi mbili yenye urefu wa mita 100 hupoteza takriban mita 6 za kimo. Hilo linavumilika.

Tatizo huanza pale mnunuzi, akiisha kulipia mashine, anapojaribu kuokoa pesa kwenye paipu. Kipenyo kikipunguzwa kwa nusu, msuguano wa kiasi kilekile cha maji hauongezeki mara mbili wala mara nne, bali karibu mara 30. Paipu ya inchi moja ikipitisha lita 50 tu kwa dakika tayari humeza takriban mita 14 za kimo kwa kila mita 100 za urefu.

Katika shamba la mfano wetu, paipu ya inchi mbili ikiondolewa na kuwekwa ya inchi moja, lita 200 huporomoka hadi chini ya 50. Injini ni ileile, mto ni uleule. Kazi ya saa moja na dakika 40 imekuwa ya saa saba, na petroli haipungui kwa kiwango hicho. Wapo wakulima ambao wamerudisha pampu dukani kwa hasira ilhali kilichopaswa kurudishwa ni paipu.

Hewa ya nyanda za juu

Namba ya tatu kwenye boksi, mita 8 za kuvuta, ndiyo inayopotosha zaidi katika eneo hili. Kwa hakika pampu haivuti maji. Inachofanya ni kuondoa hewa ndani ya paipu, na hewa ya nje ndiyo inayoyasukuma maji yapande. Uwezo wa hewa hiyo una kikomo. Ufuoni Mombasa, haiwezi kuyasukuma maji kupita takriban mita 10.3 hata pampu ingekuwa kamilifu.

Mji wa Kitui na ule wa Wote iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa ni nyepesi zaidi. Kikomo cha kinadharia hushuka hadi karibu mita 9. Ukitoa joto la maji, msuguano wa paipu ya kuvutia na udhaifu wa kawaida wa viungo, kinachobaki cha kutegemewa ni kama mita 6. Pampu iliyovuta vizuri Malindi inaweza kukohoa hewa tupu kandokando ya Tiva bila ya kuwa na hitilafu yoyote.

Jambo hili huzidi kiangazi kinapokomaa. Mwezi wa Juni maji ya mchangani yanaweza kuwa mita 3 chini, na kufikia Septemba yakawa mita 7. Pampu iliyowekwa juu ya ukingo huacha kufanya kazi, na mwenyewe hudhani imeharibika. Dawa si kununua injini kubwa zaidi, kwa maana hakuna injini inayoongeza uzito wa hewa. Dawa ni kuiteremsha pampu karibu na maji, hata kama ni kwa kuchimba kidaraja kwenye ukingo, kisha kuiacha isukume badala ya kuvuta. Kusukuma hakuna kikomo hicho.

Kimo cha nchi hupunguza pia nguvu ya injini ya petroli, maana nayo huvuta hewa ileile nyepesi. Kanuni inayotolewa na watengenezaji ni hasara ya takriban asilimia 3.5 kwa kila mita 300. Katika mita 1,100, injini ya nguvu 6.5 imekwisha kupoteza karibu asilimia 13 kabla ya kamba kuvutwa.

Na je, hizo 6.5 zilikuwepo tangu awali? Swali hili limewahi kuzitesa hata nchi tajiri. Wanunuzi wa mashine za kukatia nyasi nchini Marekani walifungua kesi mwaka 2004 wakidai kwamba nguvu zilizoandikwa kwenye injini zilikuwa kubwa kuliko zile halisi. Kampuni zilikanusha kosa, lakini mwaka 2010 mzozo huo ulimalizwa mjini Milwaukee kwa suluhu ya makumi ya mamilioni ya dola.

Kampuni ya Honda ya Japani, ambayo muundo wa injini zake ndogo umeigwa na viwanda vingi vya China, nayo ilibadilisha namna ya kutangaza nguvu. Injini yake ya ujazo wa sentimita 163 za ujazo, iliyokuwa ikiitwa ya nguvu 5.5, sasa huandikwa 4.8. Ile ya ujazo wa 196 ilishuka kutoka 6.5 hadi 5.5. Chuma hakikuwa kimepungua. Kilichobadilika ni masharti ya kipimo.

Hapo pana ufunguo kwa mnunuzi wa Mwingi au Emali. Nguvu huandikwa kwa wino, lakini ujazo wa injini hutokana na ukubwa wa silinda na ni vigumu zaidi kuudanganyia. Injini ndogo ya petroli ya aina hii huhitaji takriban sentimita 35 za ujazo kwa kila nguvu moja ya farasi ya kweli. Anayeona nguvu 9 zimeandikwa kwenye injini ya ujazo wa 196 ana haki ya kutabasamu na kuendelea na safari yake.

Isitoshe, nguvu nyingi si lazima zilete maji mengi. Honda huuza pampu ya inchi mbili yenye injini ya ujazo wa 118 pekee, nayo hutangazwa kwa takriban lita 600 kwa dakika na kimo cha mita 32. Kinachoamua ni gurudumu lililo ndani ya pampu na mwendo wake wa kuzunguka, si majigambo ya injini inayolizungusha.

Ujanja wa kuchagua sharti linalopendeza si wa pampu peke yake. Watengenezaji wa bunduki za upepo za bei nafuu hutangaza mwendo wa zaidi ya mita 300 kwa sekunde, mwendo uliopimwa kwa risasi nyepesi kupindukia ambazo mlengaji makini hazitumii. Ukiweka risasi ya kawaida ya risasi nzito, mwendo hushuka. Namba haikuwa uongo. Ilikuwa kweli ya mazingira mengine.

Paneli na wingu la Julai

Wengi sasa wanaikimbia petroli na kuelekea kwenye sola, na wana sababu. Lakini wati za paneli nazo zina masharti yao. Hupimwa katika maabara chini ya mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita mraba, paneli ikiwa na joto la nyuzi 25. Chini ya jua la Makueni saa sita mchana, paneli hufikia nyuzi 60 bila taabu, na paneli za kawaida hupoteza takriban asilimia 0.4 kwa kila nyuzi inayozidi 25. Asilimia 14 imekwenda, na vumbi halijahesabiwa.

Paneli ya wati 300 katika siku nzuri ya eneo hili, baada ya makato ya joto, vumbi na nyaya, hutoa umeme wa kama yuniti 1.2. Pampu ndogo ikiutumia kwa ufanisi wa theluthi moja hivi, itapandisha zaidi kidogo ya lita 7,000 kwa siku hadi kimo cha mita 20. Ni maji mengi kwa boma na mifugo.

Kwa shamba ni hadithi nyingine. Milimita moja ya maji juu ya ekari moja ni lita 4,047. Mboga katika joto na upepo wa Ukambani huhitaji milimita 5 hadi 6 kwa siku zinapokomaa, yaani lita 20,000 hadi 24,000 kwa ekari. Paneli hiyo basi ni ya theluthi moja ya ekari, ama zaidi kidogo ikiwa mkulima anatumia mipira ya matone.

Kuna la ziada ambalo vipeperushi vya mauzo havilisemi. Juni hadi Agosti, msimu ambao mvua haipo na kumwagilia ndiko kunakohitajika, ndio msimu ambao mawingu mazito hutanda juu ya sehemu kubwa ya Ukambani, hasa asubuhi na upande wa milima kama Mbooni na Kilungu. Anayepima pampu yake ya sola mwezi Februari na kupanda kwa hesabu hiyo atashangazwa na Julai.

Kuhusu paneli zenye wati za kubuni, utepe wa kupimia unatosha kuanza uchunguzi. Kila mita mraba hupokea wati 1,000 za mwanga, na paneli bora za dukani leo hugeuza asilimia 20 hadi 24 kuwa umeme. Paneli ya wati 100 basi haiwezi kuwa ndogo sana kuliko nusu ya mita mraba. Iliyoandikwa wati 300 na inayobebeka kwapani kama gazeti la Jumapili haihitaji mtaalamu wa kuifichua.

Pipa, saa na mpira wa fundi

Kipimo cha mwisho ni maji yenyewe, na vifaa vyake vipo kijijini. Pipa la lita 200 likijaa kwa dakika moja, pampu inatoa lita 200 kwa dakika. Likichukua dakika mbili, ni 100. Kwa pampu ndogo ya sola, mtungi wa lita 20 unaojaa kwa sekunde 48 ni sawa na lita 1,500 kwa saa. La muhimu ni kwamba pipa liwekwe mahali ambapo tangi litakaa, mwisho wa paipu ileile itakayotumika, wala si ukingoni mwa mto ambako kila pampu hung'ara.

Kimo nacho kipimwe, kisikisiwe. Simu ya mkononi hukosea kwa mita kadhaa inapotaja urefu kutoka usawa wa bahari. Mpira mwembamba unaopitisha mwanga, ukijazwa maji jinsi mafundi wa ujenzi wanavyofanya wanaposawazisha msingi, hutoa jibu la sentimita. Hupimwa hatua kwa hatua kutoka mtoni hadi juu, na hatua hizo hujumlishwa.

Aliye na geji ya presha anaweza kuijaribu pampu uani mwa duka, mbele ya muuzaji. Injini ikinguruma kwa mwendo kamili, mlango wa kutolea maji hufungwa kwa sekunde chache. Kila baa moja kwenye geji ni takriban mita 10 za kimo. Pampu iliyoahidi mita 30 na kusoma baa mbili imejieleza. Jaribio lisizidi sekunde hizo, kwani maji yaliyofungiwa huchemka na kuharibu mpira wa kuzuia uvujaji.

Kwa injini ya petroli kuna kipimo kingine ambacho boksi halikitaji kamwe, nacho ndicho kinachoamua faida: lita za maji kwa lita ya petroli. Tangi la mafuta hukaushwa, nusu lita humiminwa kwa chupa, na mapipa huhesabiwa hadi injini izime. Pampu mbili za bei moja zinaweza kupishana sana hapa.

Inafaa pia kutazama kisima kabla ya kuitamani mashine kubwa. Kisima cha mchangani chenye upana wa mita moja na maji ya kina cha mita mbili kina lita zisizofika 1,600. Pampu ya lita 200 kwa dakika itakikausha kwa dakika nane, iwapo mchanga haurudishi maji upesi. Kwa kisima kama hicho, pampu ya miguu inaweza kufaa kuliko ya petroli. Shirika la ApproTEC, lililoanzishwa Nairobi mwaka 1991 na baadaye kuitwa KickStart, lilisambaza pampu za namna hiyo likizitangaza kwa kina cha kuvuta na kimo cha kusukuma, si kwa nguvu za farasi. Mtu mzima mwenye afya hutoa takriban wati 75 za kazi kwa saa kadhaa, na hakuna boksi linaloweza kuzizidisha.

Haki ya mnunuzi

Si haki kumwona kila muuzaji kuwa laghai. Wengi wao wanasoma boksi lilelile wanalosoma wateja, na hawajawahi kuona mchoro wa pampu. Hata alama ya KEBS, shirika la kukadiria ubora wa bidhaa, ikiwepo, inahusu viwango vya bidhaa. Haimwelezi mtu wa Kibwezi iwapo mashine itafika kwenye ukingo wake.

Sheria, hata hivyo, haiko kimya. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha na ya kupewa habari anazohitaji ili anufaike nazo. Sheria ya kuwalinda watumiaji bidhaa ya mwaka 2012 inahesabu kuwa mwenendo usio wa haki kudai kwamba bidhaa ina uwezo isiokuwa nao. Malalamiko kuhusu matangazo ya kupotosha hupokewa pia na Mamlaka ya Ushindani.

Ugumu ni ushahidi. Risiti nyingi za maduka ya vifaa huandikwa neno moja, "pampu", pamoja na bei. Kwa risiti hiyo mlalamishi hana la kuonyesha. Inapaswa kutaja aina ya mashine, ujazo wa injini na, ikiwa muuzaji amekubali, ahadi iliyo mahususi: lita kadhaa kwa dakika katika kimo cha mita kadhaa, kwa paipu ya upana fulani na urefu fulani. Muuzaji anayekataa kuandika sentensi hiyo huwa amemwambia mteja jambo la maana kuliko boksi zima.

Aliye na sentensi hiyo na matokeo ya pipa anaweza kufika mbele ya Mahakama ya Madai Madogo, ambayo ilianza kazi Milimani, Nairobi, mwaka 2021 na kisha kuenezwa katika miji mingine. Mahakama hiyo husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, kiasi kinachozidi mbali bei ya pampu nyingi za wakulima wadogo, na sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60.